Swali la Tisa

Kazi yangu ni kukaa na watu waliofiwa tukisuka vikapu, tukifinyanga udongo na kuimba, na mwisho wa mwezi nalipwa mshahara. Mama yangu kule Werugha hajaikubali mpaka leo. Amesuka vikapu tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Nimemweleza kwamba hii ni tiba, kwamba nimeisomea miaka miwili, kwamba cheti kimetundikwa ukutani kliniki. Hunisikiliza kwa heshima zote, kisha huniuliza kama hicho cheti kinafundisha kumalizia ukingo, maana vikapu vyangu hufumuka.

Naitwa Lois. Kliniki iko Voi mjini, lakini kila Ijumaa asubuhi hupanda milimani hadi kijiji cha Wusi, ambako kanisa limetupa ukumbi wake mdogo wa pembeni. Huko hunisubiri wanawake kumi na wawili. Kila mmoja amezika mtu katika miaka mitatu iliyopita: mume, mtoto, ndugu. Tunasuka mkonge saa nzima, tunaimba, halafu anayetaka kusema husema. Asiyetaka huendelea kusuka. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwaambia wakubwa wangu kwamba jambo hili linasaidia, na kwa miaka sita wamekuwa wakiniuliza nimejuaje. Jibu langu lilikuwa moja: nimeona. Jibu hilo mkutanoni halina uzito hata kidogo, na mimi ni mtu wa hasira, kwa hiyo mikutano mingi iliishia hapo.

Ndiyo maana nilipotafutwa na Daktari Christabel, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Alitaka kupima kile nilichokuwa nikisema nimekiona. Natangulia kusema kwamba Christabel ni mtu mwema, usije ukaanza kutafuta adui katika kisa hiki. Mimi nilimtafuta kwa wiki mbili na sikumpata.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Wanawake wa Wusi wangesuka kwa wiki kumi na mbili wakipimwa, kisha wangeendelea hadi mwisho wa mwaka. Kikundi kingine, cha Mwanda, kingesubiri zamu yake hadi matokeo ya Wusi yajulikane. Mwanzoni na baada ya zile wiki kumi na mbili, kila mwanamke angeulizwa maswali tisa kuhusu siku kumi na nne zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, huzuni na mengine ya namna hiyo. Sifuri ni hakuna kabisa, tatu ni karibu kila siku. Swali la tisa ndilo zito. Linauliza kama umewaza kwamba ingekuwa heri usingekuwa hai. Mtu akijibu chochote kinachozidi sifuri kwa swali hilo, anasimamishwa kwenye kikundi mpaka daktari wa akili amwone na kutia sahihi kwamba ni salama arudi. Sheria hiyo ilikuwa ukurasa wa nne wa karatasi ya ridhaa, na nilipoisoma niliona ni sheria nzuri. Bado naona ni nzuri, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Maswali ya mwanzo aliyauliza Ben, kijana mpole kutoka Nairobi aliyeajiriwa na mradi. Mwezi wa kwanza alizunguka nyumba zote kumi na mbili na tableti yake, akarudi akisifu ukarimu wa watu wa milimani. Kila nyumba alikaribishwa kiti kizuri. Kila nyumba alipewa chai ya maziwa na nduma, mpaka siku ya pili akawa anaomba apewe maji tu. Alama zilikuwa ndogo ajabu: mbili, tatu, nne. Nilishangaa kidogo, kisha nikamwambia Christabel kwamba watu wetu ni wagumu. Baadaye Ben akapata kazi ya kudumu Nakuru, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumrithi, Christabel aliniuliza kama ningeweza kuuliza maswali ya mwisho mimi mwenyewe. Nilisema hakuna shida. Kila nikikumbuka nilivyolisema jambo hilo kwa wepesi, nataka kujizaba kofi.

Sasa nikwambie kuhusu Nthambi, kwa sababu kisa hiki ni chake. Ni Mkamba wa upande wa Maungu aliyeolewa Wusi, ana miaka thelathini na nane, na alikuwa mwalimu wa chekechea. Binti yake wa pekee, Abby, aligongwa na lori kwenye barabara ya Mombasa akiwa na miaka tisa, alipokuwa amemtembelea shangazi yake Voi. Tangu hapo Nthambi hakurudi darasani. Na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, kila aliyekutana naye, sokoni, kanisani, kwenye maji, alimwita Mama Abby. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wangemwitaje?

Ijumaa ya kwanza niliwaomba wanawake kila mmoja aseme jina analotaka kuitwa humo ndani. Wengi walicheka na kusema lile lile la kila siku. Yeye alisema Nthambi, kwa sauti ndogo, na tangu wakati huo Pauline hakukosea hata mara moja. Pauline ana miaka sitini na tatu, ni mjane, ana sauti nene kuliko ya mchungaji, na husinzia tukiimba polepole. Sisi wengine ilituchukua wiki kadhaa. Mimi mwenyewe, mtaalamu mwenye cheti, nilimwita Mama Abby wiki ya tatu mbele ya wote.

Kwa wiki tano Nthambi alisuka bila kusema. Wiki ya sita aliimba. Wiki ya nane alilia mpaka kikapu kikamwanguka, na hakuna aliyemwambia anyamaze, na alipomaliza aliuliza kama kuna mkonge mwekundu uliobaki. Niliandika hayo yote kwenye daftari langu. Niliandika rangi alizochagua, wimbo aliouanzisha, namna ukingo wa kikapu chake ulivyozidi kukaza wiki hadi wiki. Niliona mtu anayerudi. Ningeapa mahakamani.

Kisha wiki kumi na mbili zikaisha, nikachukua tableti, nikaanza kuuliza.

Mwanamke wa kwanza alikuwa na mbili kwa Ben. Kwangu alipata tisa. Nilidhani ana wiki mbaya. Wa pili alitoka tatu akafika kumi na mbili. Wa tatu alinishika mkono kabla sijamaliza swali la kwanza, akanieleza usingizi wake kwa dakika ishirini, na nilipojumlisha nilipata kumi na tano. Nilifanya kazi hiyo kwa siku nne. Wanawake kumi na mmoja, na kumi kati yao walikuwa wamepanda. Aliyebaki vile vile ni mmoja ambaye wiki nyingi hakuja.

Niliketi kwenye ngazi za ukumbi nikiwa na ile tableti magotini na nikaogopa kweli. Kwa miaka sita nilikuwa nimesema nimeona. Niliona nini? Kwa hesabu iliyokuwa mbele yangu, wanawake waliingia kwangu wazima wakatoka wagonjwa, na aliyenusurika ni yule aliyenikwepa.

Nilimpigia Christabel. Hakushtuka kama nilivyotaka ashtuke. Aliniomba nimsomee alama moja moja, kisha akasema nimalize yule wa kumi na mbili ndipo tuzungumze. Nikamuuliza kama nimewaumiza. Alisema hajui. Nikamwambia yeye ndiye daktari. Akasema kwa upole kwamba ndiyo, na bado hajui.

Siku hiyo nilimkuta Pauline shambani kwake akipalilia kabichi, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini alimpa Ben majibu ya alama nne tu na mimi akanipa kumi na tatu. Alisimama, akaegemea jembe, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hulowesha.

“Yule kijana alikuwa mgeni, Lois,” akasema. “Amekuja mara ya kwanza, ametoka mbali, hata viatu havijakauka. Utamkalisha kitini umwambie hulali? Utamharibia safari. Mgeni unamwambia mko sawa, unampa chai, anaenda kwao na moyo mzuri.”

Nilimuuliza kama siku zile alikuwa akilala. Akasema hakuwa amelala tangu mzee azikwe. Sasa angalau analala siku tatu kwa wiki.

Nilishuka kutoka shambani kwake karibu nikikimbia. Nilikuwa nimepata. Alama za Ben zilikuwa adabu tupu, na zangu zilikuwa ukweli. Wanawake hawakuwa wamezidi kuumwa. Walikuwa wameacha kunihesabu mimi kama mgeni, na hiyo yenyewe ilikuwa ndiyo tiba. Nilimpigia Christabel nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikasubiri anipongeze.

“Inawezekana kabisa,” akasema. “Inawezekana pia kwamba umewafungua vidonda na bado viko wazi. Kwa namba hizi siwezi kutofautisha. Wewe unaweza?”

Nilikasirika. Nilimwambia ninaweza, kwa sababu ninawajua. Akaniuliza, bila kejeli, kama kuwajua ndiko kulikonifanya nimwamini Ben mwezi wa kwanza niliposema watu wetu ni wagumu. Nilikata simu nikisingizia mtandao.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa Nthambi, wa mwisho, kichwa changu kilikuwa kimejaa hayo mawili na hakuna lililokubali kumpisha mwenzake. Alikuwa ameketi nje ya mlango akipepeta maharagwe. Hakuinuka kunitafutia kiti. Alisogea tu kwenye mkeka, nikakaa, nikaanza kupepeta naye huku nikimuuliza. Usingizi, mbili. Chakula, mbili. Huzuni, tatu. Alijibu kila swali baada ya kulifikiria, kama mwalimu anayesahihisha.

Tulipofika la tisa nilikuwa natamani simu ilie, mvua inyeshe, chochote. Nikalisoma.

“Siku nyingi,” akasema. “Isipokuwa Ijumaa.”

Nilimuuliza maana yake, ingawa nilikuwa nimemwelewa. Alisema siku nyingine akiamka wazo lenyewe liko pale pale, limemtangulia. Ijumaa akiamka halipo, kwa sababu Ijumaa lazima aende ukumbini. Alisema hayo kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusema juu ya maharagwe. Nikamuuliza kama amepanga kujidhuru. Akasema hapana, hajapanga, ila amechoka. Alikuwa hajamwambia mtu mwingine, hata mumewe.

Kwenye tableti kulikuwa na vitufe vinne. Hakukuwa na mahali pa kuandika isipokuwa Ijumaa.

Nitasema nilichofanya. Nilibonyeza sifuri. Nilijua sheria ya ukurasa wa nne, naye hakuijua, maana karatasi alisomewa na mgeni huku birika likichemka. Nilijua kwamba nikiweka mbili, kitu cha kwanza nitakachomnyang'anya ni ile siku moja aliyokuwa nayo. Mimi tabibu wake nilikuwa na hakika kwamba sifuri ndiyo dawa. Kidole kilikaa hapo pengine dakika nzima. Kisha nikawaza kwamba sina hakika. Nilikuwa na hakika mwezi wa kwanza pia. Nikifuta sauti yake pale na kesho nisimkute, nitamwambia nani kwamba nilijua? Nikabadilisha, nikaweka mbili. Ningependa kusema ilikuwa uaminifu, lakini ilikuwa woga.

Nilipomweleza sheria aliweka ungo chini. Alinisikiliza hadi mwisho, kwamba Jumatano nitamsindikiza kumwona daktari, kwamba si adhabu, kwamba daktari akitia sahihi atarudi kikundini. Aliuliza jambo moja tu: kama angejibu hapana, angekuja Ijumaa hii? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole na kuendelea na maharagwe yake. Kabla sijaondoka nilizungumza na mumewe kama sheria inavyotaka, naye akaahidi hatamwacha peke yake hadi Jumatano. Alitimiza ahadi hiyo, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Jumatano tulikaa kwenye foleni tangu saa mbili asubuhi. Daktari aliitwa Kaveke, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nilimpenda kwa sababu alisimama kumpokea Nthambi mlangoni. Alimuuliza yaliyompata, akamuuliza kuhusu Abby kwa jina, akamwacha anyamaze alipotaka. Kisha akavuta karatasi. Maswali tisa, yale yale.

Nthambi alinyoosha mgongo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Usingizi? Analala vizuri, anashukuru. Chakula? Anakula. Huzuni? Ya kawaida tu, daktari, kama binadamu. Alijibu akitabasamu, kwa Kiswahili safi cha darasani, na kila jibu lilikuwa limepigwa pasi. Swali la tisa alilijibu kabla halijaisha. Hapana, hata kidogo, labda yule dada hakumsikia vizuri.

Daktari Kaveke alinitazama. Nthambi naye alinitazama, na jicho lake halikuwa la kuniomba. Lilikuwa likinikumbusha kwamba nimekwisha kumwambia mwenyewe njia ya kurudi Ijumaa iko wapi, naye ameifuata.

Ningeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Sifuri tisa, sahihi, na baada ya siku mbili angekuwa kwenye benchi lake na mkonge mwekundu. Na mimi ningekuwa nimepata nilichokitaka juzi kwenye mkeka, safari hii kwa mkono wa mtu mwingine. Nilijua pia kwamba nikisema, hataniambia tena neno la kweli, pengine maisha yake yote. Sikujua lipi kati ya hayo lingemuua. Nilikuwa nimesoma miaka miwili, nimefanya kazi miaka sita, nimeshiriki utafiti, na nilikuwa sijui.

“Daktari,” nikasema, “majibu hayo si ya kweli. Wewe ni mgeni kwake.”

Kaveke aliweka kalamu chini. Hakuuliza tena siku hiyo kwa karatasi. Alizunguka meza, akavuta kiti akakaa karibu naye, na akaniomba nitoke nje. Walikaa zaidi ya saa moja. Waliokuwa kwenye foleni walinichukia na walikuwa na haki.

Aliponiita ndani aliniambia mbele ya Nthambi kwamba ataanza dawa, kwamba atamwona kila Jumatano, na mumewe atapigiwa simu. Kuhusu kikundi, alisema yeye kwa maoni yake angependa aendelee kukaa na wenzake. Lakini karatasi ya mradi ilimuuliza kama ni salama mgonjwa huyu kuendelea na utafiti, ndiyo au hapana, na kwa leo hawezi kuandika ndiyo. Labda baada ya wiki nne. Nilitoka kwenye ujia nikampigia Christabel nikamwomba, na nilimwomba vibaya, kwa kelele, amruhusu hata kama si mshiriki. Alisikia uchungu, nilimsikia akisikia uchungu. Alisema akimwingiza mtu ambaye daktari hajatia sahihi, kamati ya maadili itafunga kila kitu, Wusi na Mwanda. Halafu akasema tena kwamba hajui kama sheria hiyo inamlinda Nthambi au inamwacha nje kwenye baridi, kwamba waliitunga wakiwa na watu wengine vichwani. Nilitaka sana kumchukia.

Tulikaa na Nthambi kwenye benchi la duka la dawa kusubiri jina lake liitwe. Hakuwa amekasirika, na ningependa angekasirika. Nikamwambia niliogopa atakufa.

“Hata mimi niliogopa,” akasema. “Ndiyo maana nikaitaka Ijumaa.”

Nikamwambia nitakuja mimi kwake. Jumamosi, kila Jumamosi, kwa muda wangu, bila tableti, nilete mkonge na tusuke wawili tu. Niliongea sana. Nilimweleza kwamba tiba haiko ukumbini, iko katika kusuka, katika rangi, katika mikono, na hayo yote yanaweza kuletwa mlangoni kwake. Alinisikiliza kama mama yangu anavyonisikiliza.

“Lois, kusuka nilijua nikiwa darasa la tatu,” akasema. “Na usinielewe vibaya, wewe pia sikuwa nikija kwa sababu yako. Pauline huniwekea nafasi. Pale dirishani, anaweka leso yake hata kama ukumbi hauna mtu. Mtu akikuwekea nafasi, utakosaje kwenda?”

Jina lake likaitwa, akainuka kuchukua dawa zake.

Niliporudi kliniki nilifungua daftari langu nikalisoma lote, wiki kumi na mbili. Mkonge mwekundu ulikuwemo, wimbo ulikuwemo, ukingo ulikuwemo. Leso ya Pauline haikuwemo hata mahali pamoja. Haikuwemo pia kwenye fomu za Christabel, wala hakukuwa na swali kuihusu. Nimekaa ndani ya chumba kile Ijumaa kumi na mbili nikitazama kwa makini, kwa sababu kutazama ndiyo kazi yangu.

Ijumaa ilifika nikapanda Wusi kama kawaida. Wanawake waliingia mmoja mmoja wakivua makoti ya mvua, na walipokuwa kumi na mmoja nikasema tuanze. Mama mmoja aliyekosa pa kukaa alielekea dirishani, na Pauline akamwambia pana mtu. Leso ilikuwa pale, ya kijani, imekunjwa mara nne.

Nilimsogelea Pauline nikamnong'oneza kwamba Nthambi hatakuja leo. Kwa sheria sikuruhusiwa kusema zaidi, na sikusema. Akauliza kama anaumwa. Nikaokota mkonge uliokuwa sakafuni. Akauliza kama wiki ijayo atakuja, nikasema sijui, na lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kutoa katika ukumbi ule. Pauline aliitazama leso, akainyoosha pembe, akaiacha ilipokuwa.

Nilitoka nje na simu. Sikuwa na mpango wowote, wala sijui hata sasa kama hiyo ilikuwa tiba au ilikuwa kuvunja sheria, na Christabel nilipomweleza alisema angependa kujua pia. Nthambi alipokea baada ya muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayepokea simu ya ofisini. Alisema hajambo. Alisema dawa ameanza. Sikumuuliza chochote.

“Pauline amekuwekea nafasi,” nikamwambia.

Niliitazama simu kuona kama imekatika.

“Leo?”

“Leo. Nimemwambia huji, na bado ameiweka.”

Nilisikia akivuta pumzi, kisha nikamsikia akilia, kilio kile cha wiki ya nane. Nilisimama pale kwenye ukungu nikamwacha alie. Mwisho akapenga kamasi.

“Mwambie asimpe mtu mwingine,” akasema.

Nikaingia ndani nikamwambia Pauline, naye akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu chake, kwani kuna mtu mwingine alikuwa anapewa hiyo nafasi.